Sisimizi Walipoacha Kuja

Kazi ya kuangalia sisimizi ilikuwa ya Mulei. Hakuna aliyempa. Aliichukua mwenyewe mwaka wa themanini na nne, mwaka ule wa njaa, wakati mkewe Syokau alipoanza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka safari, na kukonda ilhali ndiye aliyekuwa akikwangua sufuria. Njaa iliwakondesha watu wengi mwaka ule, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Ila mama mmoja jirani alimvuta Mulei kando akamwambia, "Mwangalie anapokojoa. Wakija sisimizi, hiyo si njaa. Hiyo ni sukari."

Kesho yake asubuhi Mulei alienda nyuma ya boma, akachuchumaa. Akawaona. Mstari mweusi ulitoka chini ya jiwe la kunolea panga mpaka pale mchanga ulipokuwa umelowa, wanakwenda na kurudi kama watu wa harusi.

Hospitali ya misheni kule Mutomo walisema lile lile walilosema sisimizi, wakampa Syokau sindano ya glasi na chupa ndogo za dawa. Dawa haitaki joto, na kusini mwa Kitui ni joto tu, kwa hiyo Mulei alizika chungu kwenye mchanga uliomwagiwa maji, chini ya ghala, akaziweka chupa humo. Na kila asubuhi alienda kuangalia. Shule aliishia darasa la tatu, barua alikuwa akisomewa, lakini sisimizi alijifunza kuwasoma. Wakiwa wachache, wiki imekwenda vizuri. Wakijaa, Syokau amekula miwa kwa dada zake. "Uliramba nini jana?" alikuwa akimwuliza. Syokau alikuwa akicheka mpaka anashika mlango. "Mume wangu umeoa wadudu. Wao ndio wanakuambia siri zangu."

Wakaishi hivyo miaka sita.

Mwaka wa tisini, mvua fupi zilipoanza, sisimizi walipungua. Mulei alidhani ni mvua. Lakini mvua ilikatika na bado walipungua. Wakati huo huo sindano ikaanza kumkataa Syokau. Akidungwa kipimo chake cha kila siku anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea maneno yasiyo na kichwa. Wakapunguza dawa nusu. Akatetemeka tena. Wakapunguza robo. Ikafika mahali hakuhitaji hata tone. Na nyuma ya boma, mchanga ukakauka bila mdudu hata mmoja. Mulei aliangalia wiki ya kwanza, akaangalia ya pili. Aliliinua lile jiwe. Walikuwapo, wazima, wanaendelea na shughuli zao. Walikuwa tu hawana haja tena na mkojo wa mkewe.

Alikimbia nyumbani kama kijana. "Syokau! Umepona!"

Kanisa lilishukuru, mbuzi akachinjwa, na mbele ya wazee wa kanisa Mulei akaichukua ile sindano ya glasi kwa mkono wake, akaitupa chooni. Watu wakaimba.

Miezi minne baadaye Syokau aliamka uso umevimba kama aliyeumwa na nyuki. Ikafuata miguu. Akaanza kutapika, na ngozi ikamwasha mpaka akajikuna kwa gunzi la mahindi. Mulei alimpakia kwenye mkokoteni wa punda mpaka zahanati ya kata. Zahanati ilikuwa imefungwa. Siku ya pili, imefungwa. Mhudumu alikuwa ameitwa na wakubwa, yeye na viti vya zahanati na kitanda cha kupimia wagonjwa, kwenda kupanga mapokezi ya mheshimiwa fulani aliyekuwa anakuja kufanya harambee. Kitanda kiliwekewa kitambaa, kikawa meza ya soda. Siku ya tatu Mulei alipata gari mpaka kwa wamisheni, na huko Syokau akaishi siku mbili.

Tangu siku hiyo Mulei alikuwa na sentensi moja. "Syokau alipona sukari. Aliyemuua ni serikali." Aliisema kwenye baraza la chifu mpaka chifu akawa, kila akimwona Mulei anainuka, anafunga mkutano kwa maombi. Alimlipa mwandishi wa barua, akaiandika kwa mkuu wa wilaya, kwa diwani, kwa mbunge. Hakujibiwa. Watu walimwita Mzee Lawama, na watoto walimwimbia, lakini hakuna aliyeweza kumbishia, kwa sababu kitanda kilikuwa meza ya soda, na kila mtu alikiona. Habari za sisimizi hakuzigusa. Hazikuwa na kazi katika kesi yake.

*

Halafu ikaja ile mvua ya El Niño. Nchi ambayo huomba maji kwa magoti ilipewa ya miaka mitano kwa miezi mitano. Matuta yalibomoka, barabara zikakatika, na pale hospitali ya misheni mto wa matope ulipita katikati ya shamba la mboga, ukaacha korongo la kumficha ng'ombe. Mwaka wa tisini na nane, mwezi wa tano, hospitali ikaajiri watu wa kurekebisha matuta juu ya shamba. Mulei alikuwa na miaka sitini na miwili na mdomo mchungu, lakini hapakuwa na mtu aliyejua udongo kama yeye. Alizaliwa milima ya upande wa Tawa, ambako mtu akikosa kuchimba tuta shamba lake linakwenda kulala kwa jirani. Ndiye aliyepewa kusimamia.

Daktari mmoja alizoea kutoka wakati wa chai kuja kuwatazama. Aliitwa Khamisa, wa wale Waislamu wa Kitui mjini, mwanamke mdogo mwenye mtandio na viatu vya raba, anayeongea Kikamba kitamu kuliko wanakwaya. Siku moja alimkuta Mulei amewaacha vijana juu kabisa ya mteremko wakiziba vijitundu, na lile korongo halijaguswa.

"Mzee, mbona mnashona vitundu na shimo kubwa liko hapa linatucheka?"

"Shimo hilo, daktari, ni mzee kama mimi. Halina dawa. Lilizaliwa kule juu, likiwa tundu la panya. Ukianza na hili, mvua ijayo utapata la pili."

"Na kwenu, matundu hayo yalikuwa yanazibwa na nani?"

"Mwethya." Mulei alisema kama anayetaja jina la mtu aliyekufa. "Ukiamka ukaona tuta limetoboka, unapiga yowe. Watu wa kijiji wanakuja na majembe, wanaziba, wanakunywa uji, wanaenda. Hakuna wa kulipwa. Wazungu walitaka kutulazimisha kwa kiboko, tukachimba huku tumewageuzia makalio, na tuta la kiboko halikai. La mwethya linakaa."

Daktari Khamisa akakaa kwenye ukingo wa korongo, chai mkononi. "Unajua unaongea kama kitabu changu cha figo?"

"Kitabu chako kimechimba wapi?"

Akacheka. Halafu, kwa kuwa chai ilikuwa bado moto na yeye alikuwa mtu wa kupenda kueleza, akamweleza. Kwamba figo ni vichungio vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, na kila kichungio ni mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele. Kwamba ndani ya mishipa hiyo kuna utando laini, kama lipu ya ukuta, na sukari nyingi kwenye damu huubandua utando huo kidogo kidogo kila siku.

"Methali ya ufa na ukuta unaijua," alisema.

"Kila mtoto wa shule anaijua. Lakini haisemi ni nani anayeziba."

"Ndiyo hapo! Hata sisi madaktari tulikuwa hatujui vizuri. Tulidhani jirani wa pale pale palipobanduka ndio wanaojivuta kuziba. Sasa, mwaka jana tu, watafiti wa ng'ambo wameandika kwamba kuna chembe zinazotoka mbali, ndani ya mifupa, kwenye uboho. Mshipa ukiumia unapiga yowe, kama wewe na tuta lako. Chembe hizo zinausikia, zinapanda damu, zinasafiri, zinafika, zinashika pale palipobomoka na kugeuka utando mpya."

Mulei aliacha kukung'uta jembe. "Mwethya," alisema.

"Mwethya."

"Ndani ya mtu."

"Ndani yako hapo ulipo, mzee. Hata bila chifu."

Hilo lilimfurahisha Mulei kuliko jambo lolote alilosikia tangu uhuru. Alirudia, "Hata bila chifu," akatikisa kichwa. Kisha akauliza alichouliza kwa sababu ni mtu wa matuta: "Na kwa mwenye sukari, mbona hawaji?"

"Hapo bado ni kukisia. Mimi nakisia hivi: sukari inayoharibu mishipa inawaharibu na wao. Wanakuwa wachache. Na wale wanaofika hawashiki."

"Wanaegemea majembe."

"Wanaegemea majembe. Vitundu vinakuwa vingi kuliko mikono. Vichungio vinakufa kimoja kimoja, vinakuwa kovu, vinajifunga."

Mulei aliinua macho kwenye mteremko. Wale vijana kule juu walikuwa wakibishana kuhusu mpira. Akauliza, kama anayeuliza habari za mtu wa mbali, "Daktari, kama mtu mwenye sukari, sisimizi walikuwa wanakuja kwenye mkojo wake. Halafu wakaacha. Na sindano ikawa kali kwake, ikabidi aache. Huyo amepona?"

Daktari Khamisa hakufikiri hata kidogo. Hakujua anajibu habari za nani. "Huyo mlete haraka. Sukari ilikuwa inamwagika kwa sababu kichungio kilikuwa kinapitisha. Vichungio vikijifunga, haipiti tena. Inabaki kwenye damu, na sisimizi watakula nini? Na ile dawa ya sindano, figo ndizo zinazoiondoa mwilini. Zikichoka, dawa inabaki ndani inazunguka, ndiyo maana kidogo tu kinamtetemesha. Watu wengi wanadhani ni uponyaji. Ni figo zinakufa, mzee. Ni nani huyo?"

"Ni mtu tu," alisema Mulei. "Alikufa zamani."

Siku hiyo alifanya kazi mpaka jua likazama, na vijana walilalamika kwamba mzee ameingiwa na nini, hasemi, hatukani serikali, anachimba tu.

*

Hakuwa amemaliza wiki mbili na jambo hilo kifuani, alipokuja mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Tawa na salamu za dada yake Mumbua.

Mumbua alikuwa kitinda mimba wa mama yao. Aliuza vitenge na lesso kwenye soko la Tawa, meza yake ikiwa ya kwanza ukitoka stendi, na sauti yake ya kwanza pia. Sukari ilimshika mwaka wa themanini na sita, na kwa kuwa wifi yake Syokau alikuwa tayari mwanafunzi mkongwe wa ugonjwa huo, alifundishwa naye kila kitu: chungu, mchanga, sindano. Na sisimizi.

"Anasema uje Jumapili," alisema mfanyabiashara. "Bwana amemponya. Sindano imemwachia, wale wadudu wameondoka. Atatoa ushuhuda, na anataka wewe kaka yake usimame naye, kwa kuwa Syokau naye aliponywa hivyo hivyo."

Mulei aliomba ruhusa, akafika Tawa Jumamosi saa tisa, soko likiwa limejaa. Mumbua alimwona kwa mbali.

"Jamani, geukeni! Serikali imefika! Ficheni uzembe wenu!" Wanawake wa meza za jirani wakaangua kicheko. "Kaka, karibu. Kaa hapo juu ya gunia, usinikalie bidhaa."

Alikuwa amekonda. Uso ulikuwa na wekundu wa udongo, na chini ya macho palikuwa na uvimbe mdogo, kama wa mtu aliyelala sana. Mulei aliutambua uvimbe huo kama anavyoutambua mlango wa nyumba yake.

"Mumbua, twende hospitali. Kesho. Hata leo."

"Hospitali ya nini na nimepona?"

"Hujapona. Kuna daktari kule kwetu, ameniambia sisimizi wakiondoka hivyo, figo ndizo..."

"Kaka." Mumbua alikunja kitenge, akakipiga ili kinyooke. "Ni nani aliyesimama akasema Syokau amepona? Wewe. Ni nani aliyeliambia baraza, na mkuu wa wilaya, na mimi hapa juu ya gunia hilo hilo, Syokau alipona sukari, aliyemuua ni serikali? Miaka minane! Hata kama nimeota usingizini naweza kuisema. Sasa Mungu ameniponya mimi, unasema ni figo. Hutaki mtu apate kitu, wewe? Umezoea kulaumu mpaka umefika mbinguni?"

"Nilikosea."

"Ulikosea wakati ule au umekosea sasa?"

Mulei alifungua mdomo. Kumwambia ukweli wote ni kumwambia kwamba sindano ilitupwa na mkono huu, na miezi minne ile, kabla ya zahanati, kabla ya mheshimiwa na soda zake, ilikuwa miezi yake yeye. Akimpa dada yake hilo, chifu atalisikia. Mhudumu wa zahanati, ambaye sasa ana duka la dawa lake mwenyewe, atalisikia na kulala usingizi mzuri. Wateja walikuwa wakisikiliza. Alifunga mdomo.

"Ndivyo nilivyofikiri," alisema Mumbua, akageukia mteja. "Karibu mama, hicho rangi haitoki hata ukifua kwa magadi."

Jioni walikula pamoja kwake. Mumbua alimpa nyama yote, yeye akajiwekea ugali mkavu na maji. Mulei aliona. Alilala, kama kulala ni kufumba macho.

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mulei hakuwa ameingia kanisani tangu mazishi ya mkewe, ila kwa mazishi ya wengine. Alikalishwa mbele, karibu na spika. Mumbua alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha akina mama na kushika bahasha ya kaki, ndani yake sindano za plastiki na chupa mbili, azikabidhi kwa pasta Ndolo mbele ya watu wote.

Pasta akasema, "Kabla dada yetu hajazungumza, kaka yake ametoka mbali. Yeye ni shahidi wa mara mbili. Mzee Mulei, wasalimie watu wa Mungu."

Mulei akasimama, akapewa maikrofoni, akaishika kama mpini wa jembe.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mimi na yeye hatujaonana sana siku hizi, kwa hiyo msiniitikie kwa nguvu."

Watu wakacheka. Alingoja wamalize. Aliwatazama waliokuwa wakicheka, akawafahamu wengi, akajua kwamba mpaka jioni hakuna kijiji kati ya hapa na mto Athi ambacho hakitakuwa na maneno yake.

"Mnamjua mke wangu Syokau. Nimewaambia alipona sukari. Si kweli. Hakupona. Mimi ndiye niliyekuwa nikiangalia sisimizi wake. Walipoondoka nilisema ni Mungu. Hakuwa Mungu. Figo zilikuwa zinajifunga, sukari haipiti. Nikachukua sindano yake nikaitupa chooni, kwa mkono huu. Miezi minne alikaa bila kuonwa na daktari, kwa sababu mimi nilisema hana ugonjwa. Ile zahanati ilifungwa, hilo halibadiliki, na waliokifanya kitanda cha wagonjwa meza ya soda, damu iko juu yao. Lakini nilipofika pale mlangoni, miezi minne nilikuwa nimeshakula mimi."

Spika ilikoroma.

Pasta Ndolo alisogea. "Mzee wetu, tunakuhurumia. Lakini leo ni siku ya shukrani, si ya matanga. Akina mama, tupeni kibwagizo..."

Mama mmoja akaanzisha wimbo. Wengine wakaupokea nusu nusu. Mumbua aliinua mkono, ule mkono wa sokoni unaosimamisha hata magari ya mchanga.

"Mwacheni." Wimbo ukafa. Hakuwa na maikrofoni na hakuhitaji. "Kaka. Syokau alitetemeka?"

"Alitetemeka."

"Jasho?"

"Nguo zikalowa."

"Hayo uliwahi kuyasimulia." Alisogea hatua moja. "Chakula je?"

"Nyama ilimkataa. Hata harufu yake. Alisema mdomoni ana kutu, kama aliyelamba msumari. Alikuwa anakula ugali mkavu na maji, na anatoka nje mimi nikichoma."

Kuhusu kutu mdomoni mwake Mumbua hakuwa amemwambia mtu, hata pasta, hata mwanawe. Alikuwa amesema tu kwamba amefunga. Kisha akaikunja bahasha mara mbili, akaitia kwenye mkoba badala ya mkononi mwa pasta, akatoka kwa mlango wa akina mama.

Mulei alimkuta nyuma ya kanisa, ameegemea tangi la maji.

"Miaka minane," alisema bila kumtazama. "Umenilisha uongo, nami nikaupakua nikala. Ningekufa nao, Mulei." Hakumwita kaka. "Ungekaa kwenye matanga yangu ukitukana serikali."

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo! Hata kubisha huwezi?"

"Siwezi."

"Ondoka hapa kabla sijakupiga na viatu vya kanisani."

Aliondoka. Usiku huo alilala kwa binamu, na asubuhi alipofika stendi kutafuta gari la kurudi Kitui, alimkuta Mumbua ameshakaa, kiti cha mbele, mkoba magotini. Alikaa nyuma.

*

Daktari Khamisa aliuchukua mkojo wa Mumbua kwenye bomba la kioo, akaushika juu ya moto wa spiriti. Ulipochemka, uligeuka mweupe, ukaganda kama ute wa yai sufuriani. Mumbua aliutazama bila kupepesa.

"Huo ni mwili wako unavuja," daktari alisema. "Utando umebanduka, vitu vya kubaki ndani vinatoka."

Damu ilikwenda kupimwa, majibu yakaja baada ya muda wa saa sita. Daktari hakuzunguka. Figo zilikuwa zimebaki kama theluthi. Zile zilizokufa zimekufa, hakuna wa kuzifufua, hapa wala Nairobi wala Uingereza. Presha ilikuwa juu sana, na presha kwa figo kama hizo ni mvua ya mawe. Kuna vidonge vya presha vinavyozilinda figo pia. Sindano atarudia, kwa kipimo kidogo kipya, akipimwa sukari kila siku mpaka kieleweke.

"Na hao vibarua," Mumbua aliuliza, kwa kuwa Mulei alikuwa amemsimulia daktari mbele yake habari za kanisani, na daktari akaeleza tena habari za uboho, "wale wa kuziba. Wangu wamekwisha?"

"Wapo. Ni wachache na wamechoka. Dawa ya kuwaongeza hatuna bado, labda watoto wetu wataipata. Tunachoweza ni kuwapunguzia kazi."

"Nitaishi?"

"Ukija kila mwezi, unaweza kuishi miaka. Ukija unapojisikia vibaya tu, sitakudanganya."

Mulei, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, aliuliza swali ambalo hakuwa amepanga. "Na Syokau? Angeletwa wakati ule?"

Daktari Khamisa alimgeukia. Sasa alijua yule mtu wa sisimizi alikuwa nani. "Sijui, mzee. Pengine mwaka. Pengine mitatu. Ilikuwa kuchelewa kidogo, au kuchelewa sana, siwezi kujua."

"Asante," alisema Mulei. Alikuwa ametarajia ndiyo au hapana. Kwa jibu hilo hakujua aiweke wapi mikono yake.

Mumbua alilazwa. Muuguzi alipomaliza kumfunga kile kitambaa cha kupimia presha, Mumbua aligeuza kichwa kwenye mto, na kwa mara ya kwanza tangu Tawa akamsemesha nduguye.

"Meza yangu itakaliwa na nani? Mwanangu yuko kazini Malili, haji mpaka mwisho wa mwezi."

"Mimi."

"Wewe?" Alicheka, kicheko kidogo kilichomuumiza. "Utagombana na wateja wote kabla ya saa nne. Utawaambia kitenge kimepanda bei kwa sababu ya mbunge."

"Kimepanda kwa sababu ya mbunge."

"Toka hapa. Na usikubali kupunguza zaidi ya kidogo. Na ukiulizwa niko wapi, sema ukweli."

Alikwenda. Siku ya kwanza Mulei aligombana na wanawake watatu na askari wa kaunsili, akauza lesso moja. Walimuuliza Mumbua yuko wapi, akasema: hospitali, figo, na kwamba yeye ndiye aliyemchelewesha. Wengine walikuja kununua ili wasikie tu. Mmoja, mama wa makamo anayeuza nyanya, alikuja jioni watu wakiondoka, akashika kitambaa bila kukitazama, akauliza kwa sauti ya chini, ile hospitali inapokea watu siku gani.

Mumbua alirudi baada ya siku kumi na moja, akitembea polepole, amebeba vidonge kwenye mfuko wa unga. Hakumsamehe Mulei siku hiyo, na Mulei hakuomba. Alisimama mbele ya meza, akaitazama juu mpaka chini, akaweka mkoba.

"Nani alikufundisha kupanga vitenge hivi?" alisema. "Shika huku. Tuanze upya."